Pedeli ya Kushoto

Baiskeli yangu niliipata Kibondo, kwenye baraza ya mgeni aliyekuwa akifungasha mizigo. Wageni wanaokuja kufanya kazi kwenye kambi za wakimbizi wana desturi hiyo: mkataba ukiisha hutandaza vitu vyao barazani, na nusu ya mji hupita kuchagua. Wenzangu waligombania friji na magodoro. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya gia iliyoegemezwa ukutani, yenye tairi nene za vipele, nikaushika usukani wake na sikuuachia mpaka mwenyewe aliposema basi, ichukue. Nilikuwa bibi shamba mpya kazini. Nilikuwa nimepewa vijiji vya kuzungukia na sijapewa chombo cha kuzungukia. Vilima vilikuwa tele. Nilichokosa ni gia.

Baiskeli ilikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa pedeli. Badala ya pedeli za kawaida za kukanyagia vilikuwepo vidude viwili vidogo vya chuma, ambavyo hata unyayo wa mtoto usingetulia juu yake. Yule dada mgeni akanieleza. Unavaa viatu maalumu vyenye kibati chini ya soli, unakanyaga, kibati kinanasa kwenye pedeli, na kuanzia hapo wewe na baiskeli mmefungwa nira moja. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino kwa nje. Alisema kwao wapanda baiskeli wa milimani hawana ubishi mkubwa kuliko huo: pedeli bapa au pedeli za kunasa. Wa kunasa wanasema mguu hauruki kwenye mawe, na ukipanda mlima unasukuma chini na kuvuta juu. Wa bapa wanasema mguu lazima uwe huru kutua chini pale unapotaka. Akanipa na vile viatu, maana alikuwa na mizigo mingi.

Ubishi huo mimi niliumaliza wiki ile ile. Kwetu Uha mtu hapiti na baiskeli mbele ya mtu mzima. Unashuka. Unaiegemeza baiskeli kiunoni, unainama, unapiga makofi ya taratibu, unauliza habari za nyumbani, za shamba na za wagonjwa, naye anauliza za kwako, mnaagana, unapanda. Na kabla hujabadilisha gia unamwona bibi mwingine anakuja na mzigo wa kuni. Mtu anayesalimia akiwa juu ya tandiko husemwa vibaya hata na wasiomjua. Sasa wewe mwenye pedeli za kunasa utashuka mara ngapi kutoka mjini hadi shambani? Nilizifungua, nikaweka pedeli bapa pana zenye meno ya kushika soli, na zile za kunasa nikazitia kwenye gunia pamoja na viatu vyake. Viatu niliwahi kuvivaa kanisani siku moja, kwa kuwa vilikuwa vizuri kwa juu. Nilitembea kwenye sakafu ya saruji kwa kelele za mbuzi juu ya bati, na waumini wote wakageuka. Nikavirudisha guniani.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu, nikaolewa huko huko na mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayezungumza polepole kana kwamba kila neno analivua gome kwanza. Mimi hasira zangu ziko karibu. Watu walituonea huruma, sijui yupi zaidi. Lakini tulikuwa na maisha mazuri, na sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa Jumamosi zangu, nilipopanda baiskeli kwenda kwa mama.

Mama anakaa milimani kupita Kitanga, kwenye mgongo wa kilima ambako upande mmoja unaona mashamba yetu na upande wa pili unaiona Burundi. Alitoka huko kwa miguu akiwa amenibeba mgongoni. Baadaye tulipata uraia, akapata shamba, na kuanzia hapo amekataa kuhamia popote. Mjini hataki, anasema maji ya bomba yana ladha ya bomba. Gari linaishia kwenye kijito chenye daraja la magogo, na kutoka hapo ni kijia cha mawe na mizizi kinachopanda kati ya migomba na mihogo. Baiskeli ya gia inakipanda, kwa mtu mwenye miguu.

Halafu miguu yangu ikaingia dosari. Nilikuwa nimeitwa kwenye semina ya wakulima Kasanda, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bodaboda iliyonibeba iliteleza kwenye udongo mwekundu, ikaniangukia goti la kushoto. Mfupa uliunga. Kilichokataa ni mshipa wa fahamu unaopita pembeni ya goti. Daktari alieleza kwamba mshipa huo ndio unaouambia unyayo uinuke, na sasa ulikuwa kimya. Ningekanyaga, ningesimama, ningetembea hata sokoni; lakini unyayo ungening'inia na vidole vingekwaruza chini. Nilimuuliza utarudi lini. Alisema huenda ukarudi kidogo kidogo, huenda usirudi. Nilimchukia kwa siku nyingi, ingawa hakuwa ameniangusha yeye.

Watu wenye akili huniuliza kwa nini sikupanda bodaboda nyingine kwenda kwa mama. Nilijaribu. Nilikaa nyuma ya dereva pale stendi, hata injini haijawashwa, mwili mzima ukaanza kutetemeka mpaka dereva akaniuliza kama nina malaria. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikajaribu njia nyingine: gari hadi kijitoni, kisha kwa miguu. Nilikwaa mzizi wa kwanza, nikakwaa wa pili, na kabla sijafika hata nusu ya kilima nilikuwa nimeanguka vibaya, kiganja kinatoka damu, na jua linaanza kushuka. Niligeuka nikarudi. Sikumwambia mama kwamba siku ile nilikuwa nimeona moshi wa jiko lake.

Simu anayo, lakini hawapatani. Anaipeleka kuchajiwa anapokumbuka, na ili apate mtandao lazima asimame juu ya kichuguu nyuma ya shamba. Huko juu huuliza swali moja.

"Mguu?"

"Unaendelea, mama."

"Haya."

Kisha tunasikiliza upepo. Hakuwahi kuniambia njoo. Masika yaliisha, maharage yakavunwa, mihogo ikachimbwa, na mimi sijapanda kilima kile. Nilikuwa naogopa jambo moja tu: kwamba sitakipanda tena, na yeye hatashuka, na mambo yatabaki hivyo mpaka mmoja wetu azikwe.

Ndipo nikarudi kwenye baiskeli. Mume wangu aliishika nyuma, nikapanda uani kwetu. Mguu wa kulia ulikumbuka kila kitu. Wa kushoto ulikaa juu ya pedeli bapa mzunguko mmoja, miwili, kisha ukateleza mbele, pedeli ikageuka na meno yake yakanipiga ugokoni. Meno yale niliyapenda sana zamani. Nilipanda tena, yakanipiga tena mahali pale pale. Mume wangu akakata ukanda wa mpira wa tyubu, akaufunga unyayo wangu kwenye pedeli, na hapo nilikwenda vizuri kabisa, ila sikuweza kushuka mpaka anifungue. Alikimbia pembeni yangu akizunguka ua, tai ya kazini bado shingoni, na majirani wakaja kusimama uzioni.

"Utakimbia hivi hadi Kitanga?" nikamuuliza.

"Ikibidi," akasema, huku akihema.

Alikuwa hatanii, na jambo hilo ndilo lililonikasirisha. Nilikwenda stoo, nikalimwaga lile gunia.

Alipoziona zile pedeli za kunasa alikaa chini. "Mama watoto," akasema, "ukianguka na hizi, unaanguka na baiskeli yote."

"Bora nianguke nayo kuliko nikae nayo."

Tukazifunga. Bapa ya kushoto ilitugharimu nusu ya siku kuifungua, maana nyuzi zake zinazunguka kinyume na za kulia: ukidhani unafungua, unakaza. Mwalimu wa hesabu alikaza kwa nguvu zake zote huku mimi nikimwambia azidishe, mpaka spana ikamponyoka na tukaacha kusemeshana. Tulipogeuza upande ilifunguka kama kizibo. Viatu vilikuwa vikubwa kwangu, nikajaza pamba mbele.

Asubuhi iliyofuata nilianzia kwenye ngazi ya jikoni, nikajisukuma, nikanasa mguu wa kulia, nikaukanyagia wa kushoto chini mpaka kibati kikaitika. Nikaenda. Nikatoka getini. Nikapanda ule mlima unaoelekea kwenye tangi la maji, gia ya chini kabisa, na unyayo wangu ulikaa pale ulipowekwa. Haukuteleza. Haukuhitaji kuinuka wenyewe. Paja lilivuta juu na pedeli ikaubeba. Kule juu niliegemea mti nikalia bila aibu yoyote, kilio cha mtu aliyekuta kitu alichokwisha kukizika moyoni. Kisha nikageuza baiskeli kurudi nyumbani kwa kasi, nikiimba.

Kwenye kona ya chini nilimwona baba mkwe.

Alikuwa anakuja na koti lake la mvua ingawa jua liliwaka, na mpini mpya wa jembe begani. Baba mkwe si mtu wa kupishana naye ukiwa juu ya kitu. Ni mzee wa heshima, hacheki, na tangu niolewe hatujawahi kupeana mkono, kwa sababu kwao mkwe hamgusi mkwe. Nikashika breki. Nikauzungusha mguu wa kulia, ukatoka vizuri, nikaupitisha nyuma ya tandiko na kuutua chini upande wa kushoto, jinsi nilivyoshuka baiskeli maisha yangu yote. Wa kushoto nikauambia uzunguke utoke. Haukusikia. Nikasimama hivyo kitambo kifupi, mguu mmoja chini na mwingine umenaswa, baiskeli ikinilalia, halafu nikaanguka. Sikuanguka ghafla. Nilishuka polepole, nikapata hata muda wa kumtazama usoni, na nikatua miguuni pake nimekumbatia usukani.

Hakuweza kuninyanyua, mkwe hamgusi mkwe. Hakuweza kupita, salamu haikuwa imetolewa. Akaweka mpini chini, akainama, akapiga makofi.

"Mwidiwe."

Ningefanya nini? Nilichomoa mkono mmoja chini ya fremu, nikautafuta wa pili, nikapiga makofi nikiwa nimelala.

"Mwidiwe, Baba."

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Baba."

"Watoto wanasoma?"

"Wanasoma."

"Na maharage?"

"Yametoa maua, Baba."

"Na mguu?"

"Unaendelea vizuri, Baba."

"Tunashukuru," akasema. Kisha akanigeuzia mgongo ili asinitazame katika hali ile, akamwita mama mmoja kutoka nyumba ya jirani aje anifungue. Alisubiri mpaka niliposimama, bado amenipa mgongo, ndipo akaokota mpini wake na kwenda zake.

Nilicheka nilipofika nyumbani, na mume wangu alicheka mpaka akashika mlango. Lakini jioni alirudi kutoka kwa baba yake akiwa hacheki. Alikuwa ametumwa neno, akalitoa taratibu.

"Baba amesema kuanzia leo usishuke kwa ajili yake. Ukimwona, pita tu. Amekusamehe salamu."

Nilijua ni wema. Mzee yule hakuwahi kumwondolea mtu desturi hata moja, na kwangu aliivunja kubwa kuliko zote. Hata hivyo neno lile liliniingia vibaya kuliko pedeli ilivyoniingia ugokoni. Kwetu anayesamehewa salamu ni mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani na kichaa. Nilijiuliza nimewekwa fungu gani. Na nikawaza njia nzima ya kwenda kwa mama, wazee na mabibi wote wa njia ile, mmoja baada ya mwingine wakinisamehe, mimi nikipita katikati yao juu ya tandiko nisiguse ardhi. Na kule mwisho mama amesimama, naye ananiambia usishuke, mwanangu, salimia hapo hapo ulipo. Nilisema siendi. Kama kwenda ndiko huko, siendi.

Siku kadhaa baiskeli ilikaa miguu juu mbele ya jiko, na mimi nikikaa kwenye ngazi kuitazama. Pedeli bapa zilinipa kushuka zikaninyima kwenda. Pedeli za kunasa zilinipa kwenda zikaninyima kushuka. Nilikuwa mkali kwa kila aliyenikaribia, hata kuku walijua.

Mume wangu alikuja akakaa ngazi ya chini yangu. Akaitazama baiskeli muda mrefu.

"Mguu ulioumia," akasema, "ni mmoja."

Nilikuwa tayari na jibu. Nilitaka kumuuliza kama anadhani bibi shamba hajui kuhesabu miguu yake. Kabla sijalitoa, nilikuwa nimeshaona. Nani aliniambia lazima zifanane? Wale wa huko kwao mgeni wana miguu miwili inayolingana, wabishane wanavyotaka. Yangu hailingani, na baiskeli haina haja ya kunisingizia. Sikumsifu mume wangu siku ile. Nilimwambia alete spana.

Kushoto ikabaki ya kunasa. Kulia tukarudisha bapa, ile ya meno. Skrubu ndogo inayobana kinasio tukailegeza mpaka karibu na mwisho. Kilichobaki ni kuufundisha mwili, na mwili wangu nao ni mbishi. Ilibidi nishuke kulia: breki, mguu wa kulia chini, baiskeli niilaze upande huo, nitulie, halafu ndipo niuondoe wa kushoto bila haraka. Unyayo wenyewe hauna nguvu ya kuzunguka, lakini niligundua nikiwa nimeegemea ukuta wa jiko kwamba kisigino kinaweza kusukumwa na paja. Ukiligeuza goti ndani kwa nguvu, kisigino kinatoka nje kikitaka kisitake, na kibati kinaachia. Nilifanya hivyo mpaka ukuta ukachubuka rangi. Nilianguka kwenye migomba, nikaanguka kwenye kichanja cha vyombo. Tangu utoto nashuka kushoto, na kila nikishtuka kidogo mwili ulikimbilia kushoto. Halafu asubuhi moja jogoo alinikatiza ghafla, nikajikuta nimesimama, mguu wa kulia chini, na sikuwa nimefikiri chochote. Nilijua basi, imeingia.

Mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa baba mkwe. Alikuwa mbele ya nyumba anachonga. Nilisimama pale uani kwake, nikatua kulia, nikasukuma goti, kibati kikaachia kwa mlio mdogo, nikaizunguka baiskeli, nikapiga magoti na kupiga makofi. Aliitikia yote. Aliuliza na mengine ambayo hajawahi kuniuliza, mpaka habari za mbuzi wa jirani yetu, na nikamjibu moja baada ya jingine, nikijihisi mwepesi.

"Nilikuwa nimekusamehe," akasema mwishoni.

"Nimekataa, Baba."

Alitazama zile pedeli, akatazama kiatu changu, akarudi kwenye kuchonga. "Haya," akasema. "Umekataa vizuri."

Jumamosi ile nilikwenda kwa mama. Mume wangu alinisindikiza kwa macho mpaka barabarani na hakusema angalia; namshukuru kwa hilo. Njia ilikuwa na watu wengi, maana kulikuwa na gulio, na nilishuka, nikashuka, nikashuka. Niligundua jambo ambalo sikuwa nimelitazamia: ukishuka kulia, baiskeli inakuwa katikati yako na mtu unayemsalimia, na kumsalimia mtu juu ya baiskeli ni sawa na kumsalimia juu ya uzio. Kwa hiyo kila mara ilibidi niizunguke kwanza. Bibi mmoja aliniuliza kama naifanyia baiskeli tambiko. Kwenye kijiwe cha Kitanga vijana waliokaa na pikipiki zao wakaniona.

"Bibi shamba, hiyo pedeli moja vipi, wamekupiga?"

"Nimenunua ya aina mbili nijaribu," nikawaambia. "Itakayoshinda nitawaambia."

"Sasa ipi inaongoza?"

"Sare."

Wakacheka, nikacheka. Zamani ningewapa maneno ya kuwatosha mwaka mzima. Siku ile sikuwa na hasira hata moja, nilizitafuta nikazikosa.

Kijitoni nilivua viatu kwanza, maana kibati cha kushoto kinateleza juu ya magogo, nikavuka peku nikiikokota baiskeli. Ng'ambo nikavaa tena na kupanda. Kijia kilikuwa kile kile, mawe yale yale. Mzizi uliokuwa umenigeuza nyuma niliuona mapema, nikaweka gia ya chini, nikavuta kwa paja la kushoto na kusukuma kwa kulia, tairi la mbele likaparamia, la nyuma likafuata, na unyayo wangu ulio kimya ukaenda nao, haukuulizwa. Nilipita mahali nilipogeukia siku ile. Nilipapita tu. Nilihema sana, jasho likaniingia machoni, na moyoni kulikuwa na utulivu ambao sijui niupe jina gani zaidi ya kusema kwamba niliacha kuogopa.

Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Aliinua kichwa. Hakuita, hakukimbia, aliuweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akasimama kunisubiri nishuke. Nilitua kulia. Goti lilikuwa limechoka, likakataa mara ya kwanza, likakataa ya pili, na mama akatazama yote hayo bila kusogea. Mara ya tatu kibati kiliachia. Nikailaza baiskeli chini, nikaenda kwake nikiburuza vidole.

"Amahoro, mwana wanje."

"Amahoro, mama."

Alinishika mikono yote miwili kuanzia juu kwenye mabega, akashuka nayo taratibu mpaka viwiko, kama wanavyosalimiana kwao. Akauliza wa nyumbani. Akauliza watoto, mmoja mmoja. Akauliza mume wangu na shule yake, na baba mkwe, na mvua ya Kasulu. Nikauliza kuku wake, mgongo wake, jirani yake mgonjwa. Tulipomaliza hakuniachia.

"Unajua dada yangu alibaki ng'ambo," akasema, akiielekezea kidevu Burundi. "Kila anayevuka namwambia, nisalimie dada yangu. Wakirudi wananiambia, anakusalimu. Mpaka leo. Mimi sijui kama bado ana meno."

Niliitazama Burundi pamoja naye.

"Siku moja, ulipokuwa huji, alipita hapa mtu wa Kasulu, muuza chumvi. Nikausikia mdomo wangu unamwambia, nisalimie binti yangu. Alipokwisha kuondoka nilikaa chini pale pale njiani. Nikasema, na huyu naye amekwenda huko, kwa watu wa kutumiwa salamu."

 Nilijitoa taratibu mikononi mwake. Nilipiga magoti juu ya vumbi la maharage, nikapiga makofi, nikamsalimia toka mwanzo. Naye akaitikia, akaanza kuuliza yote tena, wa nyumbani, watoto, mmoja mmoja.